Rangi isiyotoka kwenye lipu mbichi: mwongozo kamili wa fresko kwa njia ya kikanisa cha Brancacci

Malalamiko yanayonifikia kuhusu fresko, yaani kuchora kwa rangi ya maji juu ya lipu mbichi ya chokaa, yanafanana karibu yote. Mtu amepiga lipu, amechora uso mzuri, amesubiri wiki mbili, kisha akapitisha kidole na rangi yote ikabaki kidoleni. Mwingine lipu yake imejaa nyufa ndogondogo kabla rangi haijakauka. Wa tatu amepata utando mweupe uliofunika kazi nzima. Na wote wanauliza swali lile lile: niongeze gundi gani?

Usiongeze gundi yoyote. Kwenye fresko gundi ni chokaa yenyewe, nayo hushika rangi kwa saa chache tu ndani ya siku moja. Hatua zote zilizo hapa chini, kuanzia ndoo ya kulowekea hadi mwiko wa mwisho, zina lengo moja: kukurefushia saa hizo na kukusaidia kuzitambua zinapofika.

Kazi yetu ya mazoezi ni uso wa Hawa, kutoka kwenye mchoro wa Adamu na Hawa wakifukuzwa Edeni. Mchoraji Masaccio aliuchora katika miaka ya 1420 kwenye kikanisa cha familia ya Brancacci, ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine, mjini Firenze, Italia. Aliyeagiza kazi ya kikanisa hicho ni Felice Brancacci, mfanyabiashara wa hariri. Nimeuchagua uso huu kwa sababu umejengwa kwa mapigo machache: macho ni mikato miwili ya giza iliyoinama, mdomo uko wazi, na mwanga unatoka upande mmoja tu. Anayeanza anaweza kuumaliza kabla lipu haijakauka. Tafuta picha yake kubwa na safi, uichapishe.

## Kinachotokea ndani ya lipu

Soma sehemu hii hata kama una haraka, maana makosa mengi yanaanzia hapa.

Chokaa ni mawe yaliyochomwa. Joto la takriban nyuzi 900 hufukuza hewa ya ukaa iliyomo kwenye jiwe. Ukilizima jiwe hilo kwa maji, linakuwa chokaa laini. Ukiipaka ukutani, maji yanayotoka nje hubeba chokaa iliyoyeyuka hadi juu, na huko inakutana tena na hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Chembe za rangi ulizoweka zinafungwa ndani ya fuwele hizo mpya.

Kwa hiyo rangi inashika pale tu ambapo maji bado yanatoka ndani kuja nje. Ukichora lipu ikiwa imejaa maji mno, brashi inakoroga chokaa na rangi inapauka. Ukichelewa, hakuna chokaa tena inayopanda juu, na rangi inakaa bila kushikwa na kitu.

## Vifaa

Vipimo hivi ni vya kibao cha sentimita 30 kwa 40, karibu ukubwa wa uso halisi wa mtu.

- Chokaa iliyozimwa na kulowekwa, lita 3. Ukipanga kurudia mazoezi, na ninakushauri ufanye hivyo, loweka ndoo nzima ya lita 20.
- Mchanga wa mto uliooshwa na kukauka, lita 6.
- Unga wa marumaru, lita 1. Uliza kwenye karakana zinazokata marumaru. Ukikosa, tumia mchanga mweupe uliochekechwa mara mbili.
- Ukuta wa tofali za kuchoma usio na lipu ya saruji, au sinia la mbao lenye kina cha sentimita 3 lililofungwa wavu wa chuma wa kupigia lipu, usioshika kutu.
- Rangi za unga: njano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia ya udongo, nyeusi ya mkaa. Oksidi nyekundu ya chuma inayouzwa madukani kwa ajili ya sakafu inafaa, mradi ni unga mtupu usiochanganywa na saruji.
- Mwiko mkubwa, mwiko mdogo, ubao wa kusawazishia, karai, chekeche mbili (tundu za milimita 3 na milimita 1).
- Brashi za nywele laini na ndefu, nyembamba mbili na nene moja. Brashi ngumu zinang'oa mchanga.
- Kipande cha kioo kinene na chupa yenye kitako bapa, vya kusagia rangi.
- Vikombe vidogo vyenye vifuniko, karatasi, sindano, unga wa mkaa, kipande cha kitambaa chepesi.
- Chupa ya kunyunyizia maji, miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, barakoa ya vumbi, siki au ndimu.

Usinunue jasi, skimu, saruji nyeupe wala chokaa ya maji iliyochanganywa tayari kwa kupaka kuta. Jasi inaganda kwa dakika chache na haifungi rangi kwa njia tunayoitaka. Chokaa ya kupaka kuta mara nyingi imetiwa gundi, na gundi hiyo inaziba vitundu ambavyo maji yanapaswa kupitia.

## Hatua ya 1: Pima chokaa kabla ya kuilipia

Naamini nusu ya kazi zinazoshindikana zinashindikana dukani. Mtu anaomba "chokaa" na kupewa chokaa ya kilimo. Hiyo ni mawe yaliyosagwa tu, hayajachomwa. Itakaa ndani ya maji mwaka mzima bila kuwa kitu. Mwingine anapata mfuko halali, lakini umekaa wazi ghalani muda mrefu na chokaa imeshavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa mawe kabla hujaigusa.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Weka kijiko cha chokaa kwenye sahani, uiloweshe kwa maji kidogo, kisha udondoshee siki au maji ya ndimu. Ikitoa povu jingi kwa nguvu, iache, hiyo imekufa au haikuchomwa kamwe. Chokaa nzuri hutulia, pengine na viputo vichache tu.

Walio pwani wana bahati. Chokaa ya mawe ya matumbawe, ile iliyojenga nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, inafaa kabisa ikiwa imechomwa vizuri na kuzimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ichekeche kwa uangalifu, kwa sababu vipande vilivyobaki bila kuiva hufumka baadaye ndani ya lipu na kurusha vitobo.

Onyo: ukinunua chokaa ya mawe ambayo haijazimwa, ujue itachemka na kurusha matone ya moto. Tumia pipa la chuma, vaa miwani, na kila mara tia chokaa ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya lundo la chokaa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Watoto wakae mbali.

## Hatua ya 2: Loweka, na usiwe na pupa

Chokaa ya unga ya mfukoni iloweke angalau miezi 3. Chokaa uliyoizima mwenyewe ipe miezi 6 au zaidi kabla ya kuitumia kwenye lipu ya juu. Maji yaifunike kwa vidole vinne, na ndoo iwe na kifuniko.

Kadiri inavyokaa, chembe zake zinakuwa ndogo na bapa. Inashika maji zaidi, inateleza vizuri chini ya mwiko, na inakauka polepole. Huko kukauka polepole ndiko kunakokupa muda wa kuchora.

Imefaulu ikiwa ukichota kwa mwiko inasimama kama mtindi mzito, haina punje, na haidondoki ukiugeuza mwiko pembeni. Chekecha kwa tundu la milimita 1 kabla ya kuitumia.

## Hatua ya 3: Mchanga

Mchanga wa bahari usiuguse. Chumvi yake itatoka miezi kadhaa baadaye na kusukuma rangi nje kwa vipande.

Tia mchanga wa mto kwenye chupa ya kioo hadi nusu, jaza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope likikaa juu ya mchanga kwa unene wa zaidi ya milimita chache, osha tena. Tope ndilo linaloleta nyufa. Mchanga mzuri una punje za ukubwa tofauti na unakwaruza ukiusugua viganjani.

## Hatua ya 4: Rangi, na zile za kukwepa

Chokaa ni kali. Rangi nyingi za kisasa na baadhi ya za zamani hazistahimili. Udongo wa rangi na mkaa zinastahimili, ndiyo maana kuta za Firenze zina njano, nyekundu na kahawia nyingi kiasi kile. Ukikosa nyekundu, choma njano ya udongo kwenye kikaango cha zamani ambacho hutapikia tena. Itageuka nyekundu mbele ya macho yako.

Nyeupe usinunue. Fanya walivyofanya wao: Cennino Cennini, mchoraji aliyeandika maelekezo ya kazi yake karibu na mwaka 1400, anasema chokaa iliyozimwa ilowekwe siku 8 huku maji yakibadilishwa kila siku, kisha ifanywe vitonge vidogo na kuanikwa juani. Visage na maji. Utapata nyeupe iliyopungua ukali na inayofunika vizuri.

Nyeupe ya risasi ni sumu, na ukutani hugeuka nyeusi. Nenda Assisi, Italia, uone michoro ya ukutani ya mchoraji Cimabue: mahali palipokuwa na mwanga mweupe sasa pana giza, na sura zinaonekana kama zimegeuzwa. Epuka pia buluu ya Prussia, njano ya kromi, na rangi yoyote ya kupaka vitambaa.

Kuhusu buluu, ambayo kila mtu anaitaka: wachoraji wa zama za Renesansi walitumia sana jiwe la azuriti, na kwa kuwa halikai vizuri kwenye chokaa mbichi, walilipaka baada ya lipu kukauka, kwa gundi au yai. Matokeo yake yanaonekana kwenye vikanisa vingi vya familia. Nyuso zipo, mikono ipo, lakini vazi la buluu la Bikira Maria limebanduka na kuacha ukuta mtupu. Leo tuna buluu ya kobalti inayostahimili chokaa. Uso wa Hawa hauihitaji, iache kwa sasa.

Saga kila rangi kwa maji matupu kwenye kioo hadi usisikie punje. Kisha ijaribu: changanya kijiko cha rangi na kijiko cha chokaa, funika kikombe, linganisha baada ya wiki. Ikibadilika, itupe.

## Hatua ya 5: Lipu ya chini

Lowesha tofali mpaka ziache kunywa maji. Changanya mchanga mkubwa (uliopita tundu la milimita 3) sehemu 3 na chokaa sehemu 1. Usiongeze maji. Mwanzoni itaonekana kavu mno, lakini endelea kuponda na kugeuza, maji yaliyomo ndani ya chokaa yatajitokeza. Anayekimbilia maji hapa anajitafutia nyufa.

Rusha kwanza tabaka jembamba kwa nguvu ili lishike kwenye tofali au wavu. Siku inayofuata lowesha tena na upige lipu ya sentimita 1. Sawazisha kwa ubao, lakini uso wake uache mbaya, wenye mikwaruzo. Lipu laini chini haishiki lipu ya juu.

Nyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni kwa siku za mwanzo, kivulini. Kisha iache wiki 2 hadi 4.

Imefaulu ikiwa ukigonga kwa kifundo cha kidole inatoa sauti nzito, iliyojaa. Sauti ya uwazi maana yake imeachana na tofali. Ibandue na uanze upya, usiifunike.

## Hatua ya 6: Andaa mchoro

Chora uso kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule. Toboa mistari yote kwa sindano, tundu kila baada ya milimita 4 hivi. Funga unga wa mkaa ndani ya kitambaa. Siku ya kazi utabandika karatasi na kugonga kifurushi hicho juu ya tundu, nukta nyeusi zibaki kwenye lipu.

Njia ya pili ni kuchimba: ukiwa na karatasi juu ya lipu laini, unapitisha kijiti chenye ncha butu juu ya mistari na kuacha mfereji mdogo. Domenico Ghirlandaio na wasaidizi wake walitumia njia zote mbili kwenye kikanisa cha familia ya Tornabuoni, kanisa la Santa Maria Novella, kati ya 1485 na 1490. Ukutani mle nukta na mifereji bado inaonekana ukiangalia kwa karibu. Kwa uso mdogo ninapendelea nukta. Mfereji unakata lipu, na mkono usiozoea huuchimba zaidi ya inavyotakiwa.

## Hatua ya 7: Lipu ya juu

Usiku uliotangulia, lowesha lipu ya chini kabisa. Alfajiri iloweshe tena. Lipu ya chini iliyokauka itainyonya ya juu kwa dakika chache, na saa zako zitaisha kabla hujaanza. Kosa hili naliona zaidi ya yote, na dalili yake ni rangi kuonekana nzuri asubuhi na kutoka kwa kidole wiki inayofuata.

Changanya sehemu 1 ya mchanga laini, sehemu 1 ya unga wa marumaru, sehemu 1 ya chokaa. Piga tabaka la milimita 2, subiri lishike, piga lingine la milimita 2 hadi 3. Lipu nene kupita hapo inapasuka.

Sawazisha kwa mwiko mdogo kwa mkono mwepesi. Ukiikandamiza na kuisugua mpaka ing'ae, umeziba vitundu.

Funika eneo unaloweza kulimaliza leo tu. Mchoro mzima wa Kufukuzwa Edeni umegawanyika vipande 4 vya siku, yaani lipu ilipigwa mara nne. Mchoro wa jirani yake, wa Petro na kodi, una takriban 30. Kwa sisi, kichwa na shingo vinatosha.

Fanya kazi kivulini, bila feni. Unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa unakuongezea muda. Dodoma, au Nairobi wakati wa upepo mkavu, unapungua sana: tundika mashuka yenye maji pembeni na uanze mapema.

## Hatua ya 8: Kuchora

### Kujua lini uanze

Gusa lipu kwa ncha ya kidole, pembeni. Kidole kikizama, bado. Kidole kikitoka na chokaa nyeupe, bado. Lipu ikiwa ngumu kiasi cha kutoacha alama, lakini ni baridi na kidole kinatoka na unyevu tu, anza. Mara nyingi ni kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya mwiko wa mwisho, lakini amini kidole kuliko saa ya ukutani.

Gonga nukta zako za mkaa, ondoa karatasi.

### Rangi za ngozi ziwe tayari zote

Kabla ya kupiga brashi hata moja, changanya vikombe vitatu vya rangi ya ngozi kutoka nyekundu, njano na nyeupe: ya mwanga, ya kati, ya kivuli. Kikombe cha nne kiwe cha kijani-kijivu kilichotokana na nyeusi, njano na nyeupe. Hiki ndicho cha kuunganishia kila kitu chini ya ngozi.

Sababu ni kwamba rangi ya fresko ikiwa mbichi ni nzito, ikikauka inapauka sana. Ukichanganya upya katikati ya kazi hutaipata ile ya kwanza, na hutalijua kosa mpaka siku kadhaa baadaye. Dondosha tone la kila kikombe juu ya tofali kavu. Tofali litanywa maji mara moja na kukuonyesha rangi itakavyokuwa.

### Mpangilio wa mapigo

1. Kwa kijani-kijivu chepesi sana, fuata nukta: paji, pua, taya, shingo.
2. Jaza vivuli kwa rangi hiyo hiyo. Kwenye mchoro wa Masaccio mwanga unatoka kulia, upande ambao kikanisa kina dirisha, kwa hiyo vivuli vinakaa kushoto: shavu la kushoto, chini ya kidevu, mashimo ya macho.
3. Weka rangi ya kati kwenye sehemu kubwa ya uso, kwa mapigo mepesi yanayofuata umbo la shavu. Acha kijani kichungulie kwenye vivuli.
4. Rudi na rangi ya kivuli mahali inapokutana na kijani.
5. Rangi ya mwanga upande wa kulia: paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua.
6. Kahawia na nyeusi kwa macho na mdomo. Macho ya Hawa hayana kope wala mboni. Ni mikato miwili inayoteremka kwenda nje. Piga kila mmoja mara moja na uuache. Ukianza kuyatengeneza vizuri, maumivu yote ya uso ule yanapotea.
7. Nyeupe mwishoni kabisa, kidogo.

Kila pigo liwe jembamba na lenye maji, kisha sogea sehemu nyingine. Rudi baada ya dakika chache. Usisugue. Brashi ikitoka na weupe wa chokaa, lipu inakuambia umeichosha: ondoka hapo, subiri. Utando mweupe mnaolalamikia unatokana mara nyingi na kusugua huku.

### Saa nzuri

Baada ya muda utaona jambo limebadilika. Rangi inaingia mara unapogusa, brashi inateleza bila kuvuta, na mapigo yanakaa safi. Hizi ndizo saa bora. Mapigo yako ya maana, macho, mdomo na mwanga wa paji, yaweke hapa. Kwenye kibao kidogo kipindi chote cha kuchora kinaweza kuwa saa 4 hadi 8, na saa nzuri hukaa kwenye nusu yake ya pili.

## Hatua ya 9: Acha kwa wakati

Brashi ikianza kukwama, maji yakipotea papo hapo, na rangi ikibaki juu ikiwa na sura ya unga, weka brashi chini. Hata kama sikio halijaisha. Rangi utakayoongeza kuanzia hapo itatoka yote, na itaharibu sura ya iliyoshika.

Najua ni vigumu kutii hapa. Leonardo da Vinci hakutaka kufungwa na saa za lipu, akachora Karamu ya Mwisho kule Milano kwenye ukuta mkavu ili afanye kazi polepole na kurekebisha. Ilianza kuharibika angali hai. Uso wa Hawa, uliochorwa zaidi ya miaka 60 kabla, ulipitia moto uliounguza kanisa la Carmine mwaka 1771, na bado upo.

Mwisho wa siku, kata lipu ya ziada kwa mwiko mkali kufuata ukingo wa kichwa, ukiulaza mwiko ili mkato uteremke kwenda nje. Bandua yote ambayo hukuichora. Usikate katikati ya shavu wala anga tupu. Mshono unajificha mahali rangi mbili zinapokutana.

## Hatua ya 10: Kukausha na kupima

Weka mahali penye hewa, kivulini. Usifunike kwa nailoni, maana chokaa inahitaji hewa ya ukaa. Usianike juani. Siku za mwanzo kazi itaonekana na mabaka, sehemu nyingine nyeusi na nyingine zimepauka. Ni maji tu yanatoka kwa kasi tofauti.

Usipake vanishi, gundi wala yai "kuamsha" rangi. Katika karne ya 18 michoro ya Brancacci ilipakwa kitu chenye yai kwa nia hiyo hiyo, na warekebishaji wa miaka ya 1980 ndio waliobeba kazi ya kukiondoa pamoja na masizi na ukungu.

Baada ya wiki 4, pitisha pamba kavu. Kisha pamba yenye maji. Fresko iliyofaulu haiachi rangi kwenye pamba yoyote, na ukiiangalia kwa pembeni kwenye mwanga ina mng'ao hafifu kwenye sehemu zilizochorwa.

## Ukishindwa, soma hapa

Rangi inatoka ikiwa kavu. Ulichelewa, au lipu ya chini haikuloweshwa, au chokaa ilikuwa imekufa. Rudi hatua ya 7, kisha ya 1.

Rangi inatoka sehemu chache tu. Angalia ni zipi. Kama ni zile za mwisho kuchorwa, ulipaswa kuacha mapema zaidi.

Nyufa ndogo za wavu. Chokaa nyingi kuliko mchanga, lipu nene, tope kwenye mchanga, au upepo. Zikianza lipu ikiwa bado laini, zikandamize kwa mwiko kabla hujachora.

Vitobo vinavyofumka baada ya wiki. Punje za chokaa ambazo hazikuzimika. Chekecha vizuri na uloweke muda mrefu zaidi.

Unga mweupe unaojitokeza baada ya miezi. Chumvi, kutoka kwenye mchanga, maji au ukuta wenyewe. Ufute kwa brashi kavu, usiuoshe.

Mshono wa siku ya pili unaonekana. Lowesha ukingo wa jana bila kumwagia maji rangi, piga lipu mpya iupande kidogo ule mteremko ulioukata, kisha ukandamize kwa kidole kilicholowa. Anza siku ya pili na bega la Hawa, kwa vikombe vile vile ulivyofunika jana. Rangi ndani yake ziwe bado chini ya maji.